Usijisumbue

Sisi watu wa Rasht, huku Irani, tumepewa vitu viwili kupita kiasi: mvua, na adabu ya kukataa. Mvua angalau huwa inachoka. Ukikaribishwa chai sharti useme hapana. Ukisisitiziwa, sharti useme hapana jamani, nimetoka kunywa sasa hivi. Ukisisitiziwa tena ndipo unaruhusiwa kupokea, tena kwa uso wa mtu aliyeshikwa mkono akalazimishwa. Mwenye duka ukimuuliza bei atakuambia chukua tu ndugu yangu, si kitu hicho, na ole wako uchukue kweli. Tunaiita taarofu. Mtoto wetu anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo, kama Qobad fundi makochi, angejulia wapi kuomba msaada?

Alikuwa mlevi, tuseme wazi. Kwetu pombe ni haramu kwa Mungu na kosa kwa serikali, kwa hiyo mlevi wetu hana baa ya kuonekana akipepesuka. Qobad alinywea karakanani kwake, nyuma ya marobota ya sponji, araki ya zabibu kavu aliyoletewa na jamaa mmoja katika chupa za maji ya kunywa. Mkewe, Farangis, alijua na akanyamaza, kama wake wengi wanavyonyamaza, mpaka siku ya arusi ya mpwa wake. Siku hiyo Qobad aliangukia kitambaa cha arusi kilichotandikwa sakafuni, mishumaa yake ikapinduka, na kioo cha bibi arusi kikapasuka vipande mbele ya ukoo mzima. Bibi arusi alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Kioo kupasuka siku kama ile, nani asiyejua mkosi wake?

Walipofika nyumbani Farangis hakufoka.

"Kelele ni za mtu anayebaki," alisema. "Mimi sipigi kelele." Akampa namba ya simu aliyopewa na msusi wake, ambaye mumewe alikuwa amepona. "Piga au usipige. Ukinywa tena, mimi naenda kwa dada yangu kule mjini Anzali na sirudi."

Qobad akakaa na namba ile mfukoni mpaka karatasi ikaanza kulegea kwa jasho. Hatimaye akapiga.

"Salaam alaikum, bwana mkubwa. Samahani sana kukusumbua, Mungu akuzidishie umri, najua una shughuli zako..."

"Unataka kuacha pombe?" sauti nzito ikauliza.

"Mimi? Hapana! Yaani, nauliza tu, kuna rafiki yangu..."

"Mlete rafiki yako kesho saa kumi jioni."

"La, la, bwana, tutawasumbua bure."

"Haya. Kwa heri." Simu ikakatwa.

Qobad akabaki ameduwaa, kifaa kiko sikioni. Mshenzi gani huyu? Hana mama aliyemlea? Alikuwa bado anamtukana peke yake simu ilipolia.

"Ni mimi tena," ile sauti ikasema. "Umekataa kwa sababu hutaki, au umekataa kwa sababu wewe ni Mwirani?"

Qobad hakutarajia kucheka siku ile, lakini alicheka, na katikati ya kucheka akajikuta analia kama mtoto. Yule mtu akamwacha alie. Kisha akamwelekeza: chumba cha juu, penye karakana ya kuoshea mazulia, ngazi za nyuma.

Mwenye sauti aliitwa Esfandiar, fundi bomba mwenye masharubu makubwa na kifua cha mbeba mizigo. Chumba kilinuka sufu mbichi kutoka chini. Wanaume walikaa kwa duara, kila mmoja akataja jina lake la kwanza na kusema yeye ni mlevi, na wengine wakamwitikia kwa salamu, utadhani amesema yeye ni daktari. Sinia la chai likazunguka. Lilipofika kwa Qobad akasema, "Hapana, ahsanteni, msijisumbue," na sinia likampita. Likapita kweli! Alilifuata kwa macho mpaka likarudi jikoni. Koo lilikuwa kavu, na hakuna aliyesisitiza.

"Usihuzunike," jirani yake akamnong'oneza. "Wote siku ya kwanza tulirudi nyumbani na kiu."

Ndiyo ilikuwa kanuni ya mle ndani, na Esfandiar aliieleza akiwa amesimama. "Hapa hapana ni hapana, na ndiyo ni ndiyo. Sisi tumekaribia kufa kwa kusema sijambo. Tulikuwa tunatapika damu na tukiulizwa hali tunasema alhamdulillah, kivuli chako kisipungue. Mficha maradhi kifo humuumbua. Taarofu iacheni ngazini pamoja na viatu."

Qobad aliacha pombe. Sitaki kusema ilikuwa rahisi, kwa maana haikuwa. Alitetemeka, akaona wadudu ukutani wasiokuwepo, akamlilia Esfandiar kwenye simu asubuhi na jioni. Lakini aliacha, na miezi ikaenda. Farangis akaanza kumpakulia wali na sehemu ya ukoko, ile anayopewa mtu anayependwa, na Qobad akajua hakuna tena habari ya Anzali.

Shida ya mtu aliyeokoka ni kwamba anataka kuokoa hata paka. Qobad aliishika ile kanuni kama mtu aliyepewa bunduki kwa mara ya kwanza. Mama mkwe alipokuja kula na kusema, "Ahsante mwanangu, nimeshiba," Qobad akaondoa sahani yake palepale.

"Mama yangu ametoka hapa na njaa, wewe mtu!" Farangis akamfokea baadaye.

"Si amesema ameshiba?"

"Na wewe si umezaliwa Rasht?"

Wakacheka, lakini Qobad hakubadilika. Aliona fahari. Mji mzima unadanganyana kwa adabu, yeye peke yake msema kweli.

Vuli ilipoingia, akaja Bwana Heshmat.

Alikuwa mzee mrefu, msimamizi mstaafu wa kiwanda cha hariri, mwenye suti ya kahawia, mwavuli, na tai. Mkewe alikuwa amekufa, mwanawe yuko Kanada. Kila magharibi alikuwa akikaa mbele ya picha ya marehemu na kumimina glasi moja, na ile moja ikawa chupa. Daktari alikuwa amemwambia ini limechoka: akiendelea kunywa hatafika majira ya kuchipua. Alisimama pale mbele yetu sote walevi, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mimi ni Heshmat, na nawaombeni radhi."

Chumba kizima kilicheka, na kikampenda. Esfandiar akamkabidhi kwa Qobad: huyu awe mlezi wako, mzee, ukiona kiu imekuzidi umpigie yeye kabla ya kugusa chupa. Qobad alijaa kifua. Hakuwahi kukabidhiwa roho ya mtu.

Na alimpenda yule mzee, hilo asinyimwe. Waliondoka pamoja mikutanoni, mwavuli mmoja, mzee akimsukumia Qobad upande mkubwa wa mwavuli huku bega lake mwenyewe linalowa. Alijua hadithi za kiwanda, za wasichana waliokuwa wakiimba kwenye maji ya moto ya kuchemshia vifukofuko vya hariri. Lakini chai hakunywa hata siku moja. Sinia likija anasema, "Msijisumbue," nalo linapita.

"Mzee wangu, utakufa na kiu humu ndani," Qobad alimtania. "Sema tu, nataka chai. Maneno mawili."

"Nitasema, mwanangu. Nipe muda."

"Siku utakayosema nitachinja kondoo."

"La, la, kondoo wa nini? Usijisumbue."

Qobad akacheka mpaka akasimama barabarani. Mzee naye alitabasamu, kidogo, kama mtu aliyefumaniwa.

Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, mvua inapiga mabati, Qobad alikuwa amepiga magoti anavuta kitambaa cha kochi la mteja. Simu ikalia.

"Qobad, mwanangu, salaam. Samahani kukusumbua. Hujambo? Farangis hajambo? Mama mkwe hajambo?"

"Wote wazima, Bwana Heshmat. Vipi wewe?"

"Alhamdulillah, chini ya kivuli chako." Mvua ilisikika na upande wake pia. "Leo ni siku aliyozaliwa marehemu. Nimekumbuka tu. Nikasema nisikie sauti yako."

Qobad akaacha kitambaa. "Una chupa hapo ndani?"

"Eh... kuna kijana mmoja alipita. Yule aliyekuwa akiniletea zamani amekamatwa, huyu ni mwingine. Nimeipokea tu, kwa kumwonea haya, kwa mvua hii. Haijafunguliwa. Iko mezani."

"Nije?"

"La, la! Usijisumbue kabisa. Una kazi. Na mvua hii."

Hapo ndipo ilipo hadithi yote. Qobad alijua. Mtu wa Rasht hahitaji mkalimani wa neno lile, alilijua kama anavyojua harufu ya nyumba yake. Mzee wa aina ile hapigi simu kwa sababu ya salamu, na hataji chupa iliyo mezani ili aachwe nayo. Lakini kochi lilikuwa la kuchukuliwa jioni, mvua ilikuwa ya kuloweka mtu mpaka mifupani, na kulikuwa na jambo jingine ambalo Qobad hakutaka kulitazama: aliogopa kukaa chumba kimoja na chupa. Aliposikia hapana, moyo wake ulifurahi. Ulifurahi kweli, na kanuni ikampa pa kujificha.

"Una uhakika, mzee? Mimi nachukua neno lako kama lilivyo, unajua."

"Najua, mwanangu. Najua."

"Haya basi. Imwage kwenye sinki. Kesho tuonane."

"Mungu akuweke."

Qobad akakata simu na kurudi kwenye kochi. Mara mbili aliweka stepla chini akaangalia mlango. Akajiambia mtu lazima ajifunze kusema anachotaka, la sivyo hatapona. Ni maneno mazuri, na yamo vinywani mwa watu wengi wasiotaka kutoka kwenye mvua. Mteja alikuja, akalisifia kochi, akasaidiwa kulipakia garini. Usiku Farangis alimuuliza mbona hali, akasema ameshiba.

Asubuhi hakuweza kuvumilia. Akanunua mkate wa moto, awe na kisingizio, akaenda. Mvua ilikuwa imekatika, na jua lilikuwa limetoka, jua kali la ghafla, kila kidimbwi kinaumiza macho.

Mlango wa Bwana Heshmat ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Qobad akabisha, akaita, akaingia.

Mezani palikuwa pameandaliwa mgeni. Sahani mbili, visu viwili vya matunda, glasi mbili za chai kwenye visosi vyake. Bakuli la machungwa na komamanga. Matango yalikuwa yamemenywa na kupangwa vizuri kwenye sahani, sasa yamenyauka na kujikunja. Chai ilikuwa imelala kwenye birika mpaka imekuwa nyeusi. Kiti cha mgeni kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, na juu yake taulo safi limekunjwa, la kujifutia mtu aliyelowa. Katikati ya vyote ilisimama chupa ya maji ya kunywa, imebaki robo.

Bwana Heshmat alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, tai shingoni, jua lote usoni. Alikuwa na matapishi kwenye koti.

"Nani?" akauliza.

"Mimi. Qobad."

"Ah, mwanangu! Karibu, karibu. Nisamehe kwa giza hili, umeme umekatika tangu alfajiri." Akapapasa hewani kutafuta meza. "Kaa. Karibu matunda. Si kitu, ni vya nyumbani tu."

Qobad alitazama jua lililommulika mzee mpaka kwenye mboni, na mboni hazikucheza. Mkate ukamdondoka. Akaikamata ile chupa na kuinusa, akajua si araki ya zabibu wala ya kitu chochote cha Mungu, ni ile spiriti ya viwandani inayopofusha, ambayo watu wasio na haya huichanganya na maji. Na nitasema hata hili, maana yeye mwenyewe alilisema baadaye mbele ya duara: alipoinusa, mate yalimjaa mdomoni. Hata wakati ule. Akakimbilia dirishani na kupiga kelele majirani waite gari la wagonjwa.

Majirani walifika wakisitasita, kila mtu anaogopa kuulizwa maswali kuhusu chupa. "Semeni amekula kitu kibaya," bibi mmoja alishauri. Qobad akasema amekunywa, amekunywa sumu, atakufa mkiona haya. Walipombeba mzee chini, aliwaomba radhi waliombeba mmoja mmoja.

Hospitalini wakamwunganisha na mashine ya kusafisha damu. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alisema angeletwa jana usiku pengine ingekuwa habari nyingine. Macho yamekwisha. Figo na ini, tungoje. Alivyosema tungoje, Qobad akaelewa.

Esfandiar alimkuta kwenye benchi la korido. Qobad akamweleza yote, kuanzia salamu za simu mpaka taulo. Hakuacha kitu.

"Nilifuata kanuni," akamalizia. "Hapana ni hapana. Wewe ulinifundisha. Wewe mwenyewe ulinikatia simu!"

Esfandiar alijishika masharubu. "Nilikukatia. Na sikukupigia tena?"

Qobad akatazama sakafu ya korido.

"Kanuni ile ni ya mdomo wako wewe, Qobad. Ni ya kukuzuia wewe usidanganye. Nani alikuambia uifanyie kazi masikioni? Mtu anayezama akikuambia maji ni mazuri, unampungia mkono unakwenda zako?" Kisha akaona uso wa mwenzake, akamwekea mkono begani. "Sitakuambia si kosa lako. Utakuja kwenye mkutano leo, na kesho, na utakaa palepale pako. Hilo tu ndilo nililo nalo."

Qobad alikwenda. Akasema jina lake, akasema ni mlevi, akasema alichofanya. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemfariji. Akarudi hospitali.

Siku ya tatu walimruhusu kuingia. Bwana Heshmat alikuwa amekuwa mdogo kitandani, ngozi ya manjano, amevuliwa tai, na shingo yake ilionekana kama ya mtu mwingine. Mwanawe alikuwa njiani, ndege mbili au tatu, Mungu ajaalie awahi.

"Bwana Heshmat, ni mimi."

"Qobad. Umeacha kazi zako tena."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, mwanangu? Mimi ndiye niliyekusumbua. Nimesumbua hospitali nzima."

"Nilijua hukumaanisha. Nilijua, na nikakata simu."

"La, la. Si nilikuambia usije? Umefanya nilivyosema. Hakuna kosa, wala usiliweke moyoni."

Mwingine angeubusu ule mkono na kutoka na moyo mweupe, amesamehewa na mwenye haki ya kusamehe. Lakini Qobad angeupima wapi msamaha wa mtu ambaye alikuwa kipofu na akasema umeme umekatika? Yule mzee hakuwahi kumwambia binadamu yeyote, tangu azaliwe, umenikosea. Qobad akainama karibu na mto.

"Nakuuliza tena, mzee wangu. Sitaki adabu. Nataka kweli, hata ikiniua."

Vidole vya Bwana Heshmat vilikuwa vinakunja pindo la shuka na kulikunjua. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu. Qobad akadhani amelala.

"Nilikuwa nasikiliza magari," mzee akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ya chini na haikuwa na adabu yoyote ndani yake. "Likipita moja kichochoroni nasema, ni yeye. Linapita. Nasema, basi ni lile lingine. Mpaka giza likaingia. Ndipo nikaifungua."

Akageuza uso, macho yale yasiyoona yakamkosa Qobad kidogo, yakatazama ukuta.

"Ungekuja, Qobad."

Hakumwita mwanangu. Qobad akasema, "Ndiyo." Akakaa ameushika ule mkono mpaka muuguzi alipokuja kumtoa. Mzee hakuongea tena, na alfajiri ya Jumanne akafa, ndege ya mwanawe ikiwa bado haijatua.